Sufuria Nyeupe na Mafuta Mekundu

Kolwezi, tarehe 10 Februari 1974

Yaya Tshiela, dada yangu mkubwa mpenzi,

Moyo webe, Yaya! Nakusalimu kwa moyo uliojaa hadi unamwagika. Mama ameacha kukohoa? Shemeji Mukendi bado anasafiri na treni usiku na mchana, au wakubwa wake wamekumbuka kwamba ana mke? Nisalimie wote hapo Mwene-Ditu, hata yule mbuzi wenu mweusi aliyekula maua yangu siku ya harusi.

Yaya, nikuambie nini? Sikujua kwamba mtu anaweza kuamka akicheka. Nyumba yetu hapa kambi ya wafanyakazi wa mgodi ina vyumba viwili na bomba uani, na mume wangu Kabeya amepaka mlango rangi ya buluu kwa sababu nilisema mara moja tu kwamba naipenda. Mara moja tu! Mchana akipita barabarani na lori lake la mawe kutoka mgodi wa Mutoshi, anapiga honi fupi mbili. Majirani wanafikiri anafukuza kuku. Mimi najua maana yake. Ananiita "mwezi yangu". Nimeandika jina hilo kwa penseli nyuma ya kabati, mahali ambapo mimi peke yangu naliona.

Na zile sufuria nyeupe mlizotupatia harusini! Nazisugua kwa majivu mpaka najiona ndani yake. Nampikia majani ya lengalenga, safi kabisa: nachemsha majani mazima, namwaga maji, natia chumvi kidogo, nayapanga kwenye sahani kama ua. Kitambaa cha meza nilichotarizi shuleni kiko chini yake, cheupe pe. Mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, sitaki hata kuyaona. Yakidondoka mahali, doa lake halitoki mpaka mtu anazikwa.

Juzi Kabeya aliniuliza kwa upole, "Mbelu, mafuta ya ngazi iliisha ku soko?"

Nikamwambia, "Haikuisha, lakini kitambaa changu je?"

Akacheka. "Kitambaa yako ni ya muzuri sana. Acha tu ibakie mweupe." Akala yote, akasema asante, kama mtu anayekula mbele ya padri.

Jambo moja dogo tu linanikwaruza. Karibu na kituo cha minibus kuna mjane mmoja, Mama Mukalay, anayepikia madereva wasio na wake chini ya paa la mabati. Kabeya alikula kwake miaka yote ya ujana wake hapa. Nilipopita, mama huyo aliweka mwiko chini, akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, akasema, "Ni weye njo muke ya Kabeya wetu?"

Wetu! Yaya, wetu! Kabeya ana wenyewe wangapi?

Mdogo wako mwenye furaha,
Mbelu

*

Mwene-Ditu, tarehe 17 Machi 1974

Mbelu mdogo wangu,

Moyo webe. Barua yako ilifika ikiwa imelowa mvua, nikaikausha juu ya mkaa. Mama hakohoi tena, sasa anagomba, kwa hiyo amepona. Mukendi yuko njiani kuelekea Kamina. Katika miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuniita mwezi, wala nyota, wala hata taa ya mafuta. Ananiita "Mama Tshiela, chakula iko wapi?" Kaa ufurahi.

Nimefurahi kwamba sufuria zinang'aa. Lakini nakuomba kitu kimoja. Mtilie Kabeya mafuta ya ngazi katika majani. Mengi, usipime kwa kijiko cha chai. Sombe, yale majani ya muhogo, uitwange mpaka iwe laini kama unga uliolowa, uichemshe vizuri, kisha mafuta. Lengalenga nayo ukatekate, usimpe mazima kama anayelisha sungura. Fanya hivyo kila siku.

Usiniulize kwa nini. Na lile doa la kitambaa, lisamehe mapema.

Jioni anafika nyumbani vizuri?

Yayako,
Tshiela

*

Kolwezi, tarehe 28 Aprili 1974

Yaya yangu,

Moyo webe. Pasaka tulisherehekea vizuri, kanisa lilijaa hadi nje, na nilivaa kikwembe cha harusi, kile kitenge chenye tausi. Jirani yetu amejifungua mapacha na kambi nzima imecheza. Namshukuru Mungu kwamba Mama anagomba.

Kuhusu mafuta, Yaya, nisamehe, lakini mimi nimefika kidato cha nne. Majani ni majani. Nguvu zake ziko ndani yake, na mtu akiyala zinaingia. Kwa nini niyazamishe ndani ya mafuta kama wapishi wa barabarani? Kila siku anakula majani sahani nzima. Ni mwanamume gani hapa kambini anayekula majani kama wangu?

Sasa sikia kilio changu, maana nakuandikia nikiwa nimefunga mlango ule wa buluu.

Kabeya amebadilika. Zamani alikuwa akifika jua likiwa bado juu ya miti. Siku hizi anafika giza limeingia. Akifika anakwenda moja kwa moja kwenye kiti chake na kukaa. Nikikisogeza kiti anakasirika, yeye ambaye hakasiriki! Jumapili moja nilikaa mlangoni jioni, kabla ya kuwasha taa, nimevaa kile kikwembe chenye tausi, nimejipaka mafuta ya nazi ya Kizungu yenye harufu, nikamngoja mume wangu. Alipita ubavuni mwangu bila neno. Alipiga teke beseni la maji, akalitukana beseni. Mimi hakunitazama hata kidogo. Tausi wote wale, Yaya, hakumwona hata mmoja!

Alipobadilishana zamu na mwenzake ili asiendeshe tena usiku, nilifikiri ni kwa ajili yangu. Nilimpikia keki. Mjinga mimi.

Alhamisi nilichelewa soko la Manika. Minibus ilinishusha wakati jua limekwisha kuzama na watu wamebaki vivuli tu. Nikaona watu wawili mbele yangu katika njia ya kambi. Wanatembea polepole, polepole, kama maharusi wanaotoka kanisani. Mwanamume amemshika mwanamke mkono, juu ya kiwiko. Mwanamke anamwambia, "Pole, apa iko shimo, ruka kidogo," naye anacheka, anaruka kama mtoto.

Ni kicheko ninachokijua, cha Kabeya. Mwanamke alikuwa Mama Mukalay.

Nilijificha nyuma ya ua wa miba, kisha nikapita njia ya nyuma, nikawatangulia. Alipofika nyumbani nilimtazama chini ya taa. Kwenye pembe ya mdomo kulikuwa na wekundu wa mafuta ya ngazi. Alikula kwake! Na kwangu akala tena, lengalenga zangu zote, akasema asante.

Unajua wazee wetu wanavyosema: mume akila kwa siri kwenye chungu cha mwanamke mwingine, kitanda kiko njiani kinafuata. Niambie, nikamwage chungu chake mchana watu wakiona, au ningoje Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, watu wote wakiwa barabarani na mafagio?

Mbelu wako anayelia

*

Mwene-Ditu, tarehe 2 Juni 1974

Mbelu,

Moyo webe. Nimechelewa, Mukendi aliumia mguu stesheni, sasa anatembea. Mama anakutumia baraka na kusema usisahau maombi.

Usiende kumwaga chungu cha mtu. Sikia vizuri. Usiende.

Huyo mama simjui, lakini ukipita kwake msalimie. Na wewe rudi jikoni kwako, utie mafuta. Ni mara ya pili nakuambia.

Unaandika habari ya mkono. Mkono huo hata mimi nimeushika. Kabeya alipokuwa akijifunza ufundi gereji hapa Mwene-Ditu, akilala katika chumba chetu cha uani, nilimshika mkono jioni nyingi, Mukendi akiona, na hakuna aliyekufa. Nilimpikia mimi mwenyewe kila siku mpaka akasema imetosha. Zaidi ya hapo niliapa kutosema, na kiapo si chumvi ya kupunguza ukitaka.

Mwulize yeye. Lakini mwulize kwa upole.

Tshiela

*

Kolwezi, tarehe 20 Juni 1974

Kwa Mama Tshiela, Mwene-Ditu,

Natumaini Mama ni mzima. Natumaini mguu wa shemeji ni mzima. Nimemaliza salamu.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimeisoma tena. "Jioni nyingi." Umeandika kwa mkono wako mwenyewe, jioni nyingi!

Wewe ndiye uliyenitafutia mume huyu. Wewe ndiye uliyemwambia Mama, "Huyu ni kijana muzuri, mi namujua." Kumbe ulimjua! Ulijua anapenda nini kinywani mwake kabla mimi sijajua jina lake. Sasa unanifundisha mimi, mke wake, jinsi ya kumlisha, kwa barua, kama mtu anayeacha maagizo ya ng'ombe wake kwa mchungaji. Ulinipa nguo uliyochoka kuvaa?

Nilimwuliza kwa upole kama ulivyoagiza. Nilisema, "Kabeya, Yaya Tshiela alikushika mkono kwa sababu gani?" Akasema, "Alikuandikia nini?" Hakuuliza kwa nini nalia. Aliuliza ulichoandika! Akatoka nje, akajigonga kwenye mlango, akarudi, akalala akigeukia ukuta.

Mafuta sitatia. Hata tone. Nitasugua sufuria zangu mpaka zitoboke.

Usinijibu.

Mbelu, mke wa Kabeya

*

[Kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi kwenye shingo ya bidoni, yaani dumu la mafuta, kilifika kwa treni katikati ya Julai]

Hukutaka nikujibu, kwa hiyo hii si barua. Ni karatasi ya bidoni tu.

Mafuta haya yamekamuliwa hapa wiki hii, bado yana harufu ya mti.

Jua likizama, kabla hujawasha taa, simama mbele ya mumeo. Nyosha mkono wako kuelekea kwake, usiseme neno. Tazama atakachofanya. Kisha uwe na wivu na mtu yeyote umtakaye.

T.

*

Kolwezi, tarehe 4 Agosti 1974

Yaya, Yaya yangu,

Moyo webe, na moyo wa Mama, na wa shemeji, na wa mbuzi pia. Nisalimie wote mara mbili, kwa sababu mara iliyopita nilisalimia kama askari.

Bidoni ilikaa nyuma ya mlango siku kadhaa, sikuifungua. Lakini yale maneno ya karatasi yalinila. Nikasema, haya, nitafanya, nione jinsi asivyonipenda, kisha nirudi kwa Mama na sufuria zangu.

Jioni ile Kabeya alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Jua lilikuwa limezama, lakini mimi nilikuwa bado naona vizuri: vifungo vya shati lake, kovu la kidole, inzi juu ya goti. Nilisimama mbele yake. Nikanyosha mkono wangu, kiganja juu, karibu kugusa kifua chake. Sikusema neno.

Hakufanya chochote.

Alitazama mahali nilipo kama mtu anayetazama ukuta. Moyo wangu ukapiga kelele: ona, hata mkono wako anaukataa! Nilikuwa nimeanza kuurudisha. Ndipo akageuza kichwa upande wa jikoni, upande ambao sikuwapo, akaita kwa sauti ya chini kabisa, "Mbelu? Mwezi yangu? Uko wapi? Unakawia kuwasha taa."

Nilikuwa mbele yake, Yaya. Nilikuwa mbele ya macho yake.

Nilipiga magoti, nikamshika miguu. Alishtuka akataka kuruka. Kisha akaelewa, na mabega yake yakashuka.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Ku Mwene-Ditu ilianzaka. Yaya yako njo aliniponesha. Sasa ilirudia, tangu kisha ndoa. Mchana naona muzuri, hata sindano. Jua ikianguka, ni kama mutu ananivalisha kofia mpaka ku kidevu."

"Na hukuniambia mimi! Ulimwambia Yaya, ulimwambia Mama Mukalay, mimi ni nani?"

Hata wakati ule, Yaya, wivu ulikuwa bado haujaniacha. Wewe ulijua! Yule mjane alijua! Mlangoni mwangu tu ndipo siri haikupita.

Akasema, "Sikilize. Ku mugodi, ku carrière, bakijua, banafukuza mi ku kamio, ile lori yangu, na nyumba inaenda. Kama ni ile peke, ningekuambia. Lakini kuko ingine. Unajua bantu. Bataanza: kijana alikuwa anaona muzuri, akaoa, sasa anaingia mu giza. Ni muke mupya njo alimuletea ile giza. Bataiimba ku bomba, asubui na mangaribi. Sikutaka baguse jina yako."

Yaya, mimi nilikuwa nikimhesabia wanawake, na yeye alikuwa akinihesabia midomo ya watu.

Asubuhi nilienda kwa Mama Mukalay. Sikwenda kumwaga chungu. Nilibeba keki. Aliitazama keki, akanitazama mimi, akasema, "Ni leo njo unajua kusalimia?"

Nikamwambia nimekuja kuuliza. Kabeya anakula majani sahani nzima kwangu kila siku. Kwa nini majani yangu hayamfai na yako yanamfaa?

Alifunua chungu. Sombe ilikuwa imezungukwa na mafuta mekundu kama ziwa.

"Mama," akaniambia, "ile dawa ya macho iko mu majani, ni kweli. Lakini ni kama mawe ya Mutoshi. Inakaa kule, ni ya bei, na haitembeake yeye peke. Inaomba kamio. Mafuta njo kamio. Weye unapakia mawe, unatuma bila kamio. Inalala mu njia, inatoka vile iliingia." Akagonga mwiko kwenye ukingo. "Na utwange! Jani nzima ni kama nyumba ya kufunga na kifungulio. Nani ataingia?"

Madereva waliokuwa wakila wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Mimi nilitaka ardhi ifunguke. Kisha akanivuta pembeni, sauti ikawa nyingine.

"Mi nilimukatalia kula hapa kisha ndoa. Nilimwambia, uko na muke, kula kwako. Lakini mangaribi moja alishuka ku minibus, akaanza kutembea kuelekea ku barabara ya makamio, mikono mbele, vile. Mi nilimukimbilia. Tangu ile siku namulisha, kisha namufikisha. Ungetaka nimuache?"

Nilimshukuru. Lakini nisikudanganye, Yaya: alipokuwa akisema "namufikisha", bado nilitaka kumfinya kidogo.

Jana nimefungua bidoni yako. Nilitwanga mpaka viganja vikawaka. Sufuria moja nyeupe sasa ni ya rangi ya machungwa ndani, na haitarudi tena. Kila mangaribi nakwenda mimi kituoni kumpokea. Mkono ule, juu ya kiwiko, ni wangu.

Nisamehe ile habari ya nguo.

Mbelu

*

Mwene-Ditu, tarehe 1 Septemba 1974

Mbelu,

Moyo webe. Mama anauliza kama umekwisha kuwa mjamzito, nimemwambia asubiri. Mbuzi amezaa.

Nguo nimeisamehe. Ilinichoma wiki mbili, kisha nikacheka, maana wivu kama huo sijawahi kuuwasha kwa mtu tangu nizaliwe, na mimi si kijana.

Kabeya alikuwa amekuja hapa akiwa amekula bukari, ugali mtupu, na chai ya sukari tu kwa muda mrefu, kama vijana wote walio peke yao. Sista wa dispansari ndiye aliyetuambia: majani na mafuta, pamoja, kila siku. Nilipofikiri amepona nilikutafutia wewe kwa sababu ni mtu mwema. Aliniapisha. Nilifikiri utatia mafuta tu, kama kila mwanamke wa kwetu, na hutahitaji kujua. Sikuwaza habari ya kitambaa cha meza.

Umpeleke dispansari pia, wamtazame. Na usiku asiendeshe lori mpaka aone. Nikisikia ameendesha, nitapanda treni ya Mukendi mimi mwenyewe.

Anaona?

Tshiela

*

Kolwezi, tarehe 13 Oktoba 1974

Yaya mpenzi kuliko wote,

Moyo webe! Mvua ya kwanza imenyesha, kambi nzima inanuka udongo mzuri. Mapacha wa jirani wanakaa wenyewe. Mtoto wa mbuzi mpeni jina langu, najua anagomba.

Dispansari walimtazama, wakampa vidonge, wakauliza anakula nini. Niliwajibu mimi, kwa sauti, hata wagonjwa wa benchi walisikia.

Sasa sikia. Jana jua lilikuwa limezama. Nilikuwa naandaa meza, kitambaa changu kimetandikwa, taa bado haijawashwa kwa sababu kiberiti kilikuwa kimelowa. Kabeya alikuwa mlangoni akivua viatu. Nilikuwa natafuta kiberiti kingine mbio mbio ili asikae gizani. Ndipo nikamsikia nyuma yangu:

"Mbelu."

"Ngoja, nawasha taa!"

"Acha taa. Mbelu, ile kitambaa yako iko na doa."

Niligeuka. Alikuwa akinyosha kidole. Na kweli, pale kwenye pembe, karibu na ua nililotarizi, kulikuwa na tone moja jekundu la mafuta, dogo kama punje ya mtama. Mimi mwenyewe ilibidi niiname ndipo nilione.

Yaya, nimeitwa mwezi, nimeitwa malkia, nimepigiwa honi barabarani. Hakuna neno lililowahi kunifurahisha kama lile doa. Nililia juu ya sahani. Kabeya akafikiri nalilia kitambaa, akaanza kukisugua kwa mate.

Baada ya kula tulitoka uani. Mwezi ulikuwa umechomoza juu ya paa za kambi, na aliutazama muda mrefu. Kisha binti mmoja wa jirani alipita na ndoo kichwani, amefunga kikwembe chake vizuri sana. Na Kabeya, Yaya, aligeuza kichwa! Akamtazama hadi alipofika kwenye bomba!

"Unatazama nini?" nikamwuliza.

"Ndoo," akasema. "Naona mpaka maji yenye kumwangika."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Mimi mwenyewe nimempa macho ya kuona wanawake wote wa Kolwezi jioni. Sijalala vizuri. Lakini leo asubuhi nimeamka mapema, nimetwanga sombe, nimeinamisha bidoni, na nilipofikia kiasi chake, nimeongeza tena kidogo.

Inakaribia kuisha. Tuma nyingine.

Mdogo wako,
Mbelu